Shahidi Aliyeshiba

Nchi ninayoisimulia haipo, na wale wanaoishi humo wanaombwa wasijitambue. Ni nchi nzuri. Ina wimbo mrefu wa taifa, ina bendera inayofuliwa na kupigwa pasi na idara maalumu, na ina sheria inayokataza neno njaa.

Sheria hiyo ilipitishwa kwa makofi mwaka ule mvua zilipokataa kunyesha. Waheshimiwa wabunge walikuwa wamegundua kwamba wananchi wanalitumia neno hilo ovyo, sokoni, msikitini, kanisani, hata mbele ya wageni, na kwamba matumizi hayo yanaichafua nchi kuliko ukame wenyewe. Ikaamuliwa kwamba kuanzia siku hiyo mtu atasema "upungufu wa muda wa shibe". Watu wa kawaida hawakuwa na pumzi ya maneno marefu kiasi hicho, wakayakata, wakawa wanasema "ile" tu. Ukiulizwa habari za nyumbani unajibu, tupo, ila tuna ile. Watoto wachanga, ambao walikuwa bado hawajasomewa sheria, waliendelea kulia kwa lugha ya zamani.

Katika nchi hiyo, kwenye wilaya ya Mkauko, mbali kabisa na mji mkuu, alikuwapo muuguzi aitwaye Leokadia Mbunda. Yeye ndiye aliyekuwa zahanati nzima: mkunga ni yeye, mtoa dawa ni yeye, mfagiaji ni yeye. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini na tabia ya kumaliza alichokianza. Mifugo ya Mkauko ilikuwa imekwisha, visima vimebaki matope, na kila asubuhi akina mama walijipanga barazani kwake wakiwa na watoto ambao shingo zao zilishindwa kubeba vichwa. Alichokuwa nacho cha kuwapa ni uji wa lishe tu, unga ulioletwa na shirika moja la kanisa, na huo aliupima kwa kikombe kidogo kama anayepima dawa ya sumu.

Ng'ambo ya barabara, ukisimama kwenye baraza hilo hilo, ulikuwa unaliona ghala la taifa la nafaka. Lilikuwa refu, jeupe, lenye uzio wa seng'enge na askari langoni. Humo mlikuwa na mahindi. Kila mtu alijua, maana upepo ukigeuka ulileta harufu yake hadi wodini na wagonjwa wakainuka wenyewe vitandani. Lakini ghala lilikuwa la dharura, na dharura hutangazwa na Kamati ya Taifa ya Shibe peke yake. Kamati nayo haikuwahi kuitangaza hata mara moja, si kwa ubaya, bali kwa sababu ili dharura itangazwe ni lazima kwanza itajwe jina, na jina lake lilikuwa limekatazwa na sheria.

Mambo yangekaa hivyo hivyo kwa amani kama mfadhili mmoja wa ng'ambo asingeuliza. Aliuliza kwa adabu, kama wafadhili wanavyouliza, kwamba je, ni kweli huko Mkauko hali ni mbaya? Serikali ikamjibu kwamba suala hilo linashughulikiwa na Kamati, na kwa kuwa ilikuwa imekwisha kusema hivyo, ikabidi Kamati ikutane. Na kwa kuwa taratibu zinataka awepo shahidi kutoka ngazi ya chini, shahidi akatafutwa. Mkuu wa Wilaya aliombwa aende, akasema hawezi, kwani alikuwa amekwisha kuripoti kuwa mavuno yameongezeka na ingekuwa utovu wa nidhamu kujipinga. Ndipo wakamkumbuka muuguzi. Walimwona anafaa kwa sababu wauguzi huapa kutunza siri.

Leokadia hakulala vizuri tangu alipopata wito huo, lakini kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kilichomnyima usingizi kilikuwa matumaini. Aliwaambia akina mama barazani kwamba anakwenda kuomba ghala lifunguliwe. Hawakushangilia. Walimtengenezea nywele.

*

Basi lilimshusha mji mkuu asubuhi, mdomo mkavu, tumbo limeshikana na mgongo, maana hakuwa amekula kitu tangu aondoke Mkauko. Alipokewa na Katibu wa Kamati, bwana mmoja laini aitwaye Pantaleo, aliyevaa suti ya kijivu na kunukia kama duka. Akampakia kwenye gari la serikali. Leokadia aliuliza kama wanakwenda wizarani. Pantaleo akamweleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga vifungo, kwamba Kamati haikai wizarani. Zamani ilikuwa na ukumbi wake, lakini wataalamu walishauri kwamba kujadili chakula katika chumba kisicho na chakula ni nadharia tupu. Tangu hapo inakutana katika mkahawa wa Kifaransa.

Mkahawa wenyewe ulikuwa juu kabisa ya jengo la vioo. Uliitwa La Belle Attente, yaani Kungoja Kuzuri, na wenyeji wa mji, ambao hawakuwahi kuingia humo, waliuita Labelatanti. Ndani kulikuwa na baridi kama ya chumba cha maiti, mazulia yanayomeza nyayo, vitambaa vyeupe vilivyofika sakafuni, na madirisha makubwa yaliyofunikwa mapazia upande ule unaotazama vibanda vya maskini. Mlangoni walipokewa na mkuu wa wahudumu, Musyu Desideri. Alikuwa mtu wa nchi hiyo hiyo, wa kuzaliwa mkoa jirani na Mkauko, lakini alikuwa amehudhuria mafunzo ya kusema kwa pua na sasa hakuweza tena kuacha. Alimtazama Leokadia viatu, kisha akamtazama Pantaleo, kisha akasema kwamba madam ataketi pale mwisho.

Kabla hajaketi, Pantaleo alimvuta kando akamwambia jambo moja dogo la kiutaratibu.

"Bi Leokadia, utatoa ushahidi wako baada ya mlo. Lakini lazima ule. Ushahidi wa mtu ambaye hajala haupokelewi."

"Kwa nini?"

"Ana maslahi binafsi," alisema Pantaleo. "Mtu mwenye ile akizungumzia ile, anajizungumzia mwenyewe. Kamati inahitaji shahidi asiyeegemea upande."

Leokadia alilifikiria hilo. Aliona lina mantiki yake, kama vile ugonjwa unavyokuwa na mantiki yake. Akasema sawa, atakula.

*

Wajumbe walikuwa wamekwisha kuketi, wanaume wapana wenye beji, na katikati yao Waziri wa Shibe, Mheshimiwa Daktari Anatoli Mafuriko. Leokadia alitegemea kukutana na mtu mkali. Alikuta mzee mchangamfu, mwenye vishimo vya kicheko mashavuni, aliyeinuka kumsalimia kwa mikono miwili, akamwita mama yangu, akauliza habari za safari na habari za watoto, na kabla hajajibiwa akawa amekwisha kusikitika na kuketi.

Waziri alifungua kikao kwa hotuba. Aliwataja wote waliokuwapo kwa vyeo vyao, mmoja mmoja, pamoja na wasiokuwapo, kisha akasema itifaki imezingatiwa. Akaendelea kueleza kwamba shibe si suala la tumbo. Watu wengi wamepotoshwa wakadhani ni suala la tumbo. Shibe ni suala la fikra. Mwananchi anayefikiri ameshiba, huyo ameshiba, na anayefikiri hajashiba anahitaji semina. Serikali iko mbioni kuandaa semina hizo na tayari upembuzi yakinifu umefanyika katika mahoteli kadhaa. Wajumbe wakagonga meza kwa vidole, taratibu, ili wasiangushe bilauri.

Kisha chakula kikaanza kuja, kama kinavyokuja mahali pale, kwa heshima na kwa uchache. Sahani ilikuwa kubwa kama ungo na katikati yake palikuwa na povu la kijani lisilozidi kifuniko cha soda. Musyu Desideri alisimama mwisho wa meza akalieleza povu hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyochukua kuliwa. Alisema ni kumbukumbu ya kiangazi. Leokadia, aliyekuwa ametoka kwenye kiangazi chenyewe, alilitia mdomoni likayeyuka kabla hajajua ni la nini. Tumbo lake lilinguruma kwa sauti. Mjumbe wa jirani akasogeza kiti.

Wakaletewa konokono kwenye siagi na kitunguu saumu. Wakati wajumbe wakiwachokoa kwa vijiti maalumu, Waziri aliuona utepe uliokuwa umechungulia kwenye mfuko wa gauni la Leokadia. Ulikuwa utepe wa kupimia mikono ya watoto, ule wenye rangi tatu, na alitembea nao siku zote kama wengine wanavyotembea na rozari. Waziri akauomba. Leokadia akaona nafasi yake imemjia mapema. Akaeleza haraka, kwa sauti ya chini, kwamba utepe unazungushwa mkononi mwa mtoto, juu ya kiwiko. Ukisoma kijani, mtoto yuko salama. Ukisoma njano, yuko hatarini. Nyekundu...

"Na Mkauko wengi wanasoma wapi?" aliuliza Waziri.

"Nyekundu, Mheshimiwa. Karibu wote wanasoma nyekundu."

Meza nzima ikapiga makofi. Hapa lazima nieleze kwa asiyeijua nchi hiyo kwamba nyekundu ni rangi ya chama kinachotawala. Waziri alitokwa na machozi kidogo, machozi ya kweli, akayafuta kwa kitambaa cha mapajani. Alisema ameguswa. Alisema katika wilaya za mjini, ambako serikali imejenga kila kitu, vijana wanazomea chama, ilhali huko Mkauko hata watoto wasiojua kutembea wako kwenye nyekundu. Akamwagiza Katibu aandike hilo. Kisha akajaribu kuuzungusha utepe kwenye mkono wake mwenyewe, ukashindwa kufika. Wakacheka wote, yeye akicheka kuliko wote, akaurudisha ukiwa na mafuta ya konokono.

Leokadia alifungua mdomo kusahihisha. Pantaleo, aliyeketi karibu naye, akamgusa kiwiko na kumnong'oneza kwamba saa yake bado. Akaufunga. Aliona kwamba akifukuzwa sasa ghala halitafunguliwa, na kwamba bado ana nafasi ya kusema yote kwa utaratibu wake. Basi akala konokono. Walikuwa wa kuteleza, wenye chumvi, na siagi ilimshuka kooni kama mtu anayerudi nyumbani. Alijichukia kwa jinsi alivyotaka mwingine.

*

Ndipo likaja ini.

Ulikuwa ni mlo mkuu wa mkahawa huo, na hata wajumbe, ambao walikuwa wakila bila kuacha mazungumzo, walinyamaza. Lilikuwa kipande kinene cha rangi ya asali, kimekaangwa nje kikawa cha kahawia, ndani laini kama samli iliyoganda. Pembeni palikuwa na mkate mdogo wa moto. Mpiga picha wa gazeti la serikali akaitwa aingie. Leokadia alikata kipande, akala, akakata kingine. Mwili wake ulikuwa umeacha kumsikiliza. Macho yalimlegea, mabega yakashuka, na joto likamtambaa hadi vidoleni. Hakuwahi kula kitu kitamu namna ile maishani mwake. Alipofika mwisho alichukua mkate akaifuta sahani, na mwanga wa kamera ukamwakia usoni wakati anaifuta.

Musyu Desideri alikuwa amengoja hadi wamalize ndipo akaeleza, kwa kuwa ini, alisema, huliwa kwanza na kueleweka baadaye. Akasema hili ni ini la bata. Bata huyo hatembei ovyo. Hufungiwa mahali pembamba, akaingizwa mrija kooni, na kwa huo mrija akamiminiwa mahindi, asubuhi na jioni, atake asitake, hadi ini lake linavimba likakaribia kumjaza mwili mzima. Hapo ndipo huchinjwa. Zamani bata hao walikuwa wakiletwa kwa ndege kutoka Ufaransa. Lakini Mheshimiwa Waziri, kwa uzalendo wake, aliamua taifa lijitegemee. Siku hizi wanafugwa hapa hapa, nje kidogo ya mji, katika shamba la Mheshimiwa mwenyewe.

"Na mahindi ni yetu," alisema Musyu Desideri, akiinamisha kichwa. "Mahindi meupe ya ghala la Mkauko. Mpishi wetu anasema hakuna mahindi mengine yanayotoa ini la namna hii."

Wajumbe waligonga meza. Wawili watatu walimgeukia Leokadia na kumpongeza kama mtu wa Mkauko, kana kwamba ndiye aliyewashika bata midomo.

Leokadia aliishika meza. Kilichomwingia kwanza hakikuwa hasira. Aliusikia ulimi wake ukizunguka mdomoni wenyewe, ukitafuta ladha iliyobaki. Aliwaona akina mama barazani. Aliona kikombe chake kidogo cha uji. Mahindi yale yaliyowainua wagonjwa vitandani kwa harufu yake alikuwa ameyala sasa hivi, yakiwa yamepitia kooni mwa bata, na alikuwa ameifuta sahani.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti yake haikutoka ya chini kama kawaida. "Hayo si mahindi ya dharura?"

Pantaleo alikohoa. Lakini Waziri hakukasirika. Alimgeukia kwa subira, akamwelewesha. Alisema mahindi yakikaa ghalani muda mrefu yanaingiwa na wadudu, kwa hiyo ni wajibu wa serikali kuyazungusha. Na tena, alisema, akiegemea mbele kama anayemfungulia siri ya dola, aelewe hali ya bata.

"Bata hawa wakikosa chakula siku moja tu, ini linaharibika, mama yangu. Mwaka mzima wa kazi unapotea. Mwanadamu anaweza kuvumilia. Sasa wewe niambie, dharura ni ipi?"

*

Baada ya vitamutamu, ambavyo Leokadia hakuvigusa na vikaliwa na mjumbe wa jirani, saa yake ikafika. Mapazia ya upande wa vibanda yalikuwa yameanza kuwa mekundu kwa jua la jioni. Daktari wa Kamati alimwekea kifaa tumboni, akasikiliza, akatangaza kwamba shahidi ameshiba na ana sifa. Akasimamishwa. Miguu yake ilikuwa na nguvu ambayo hakuwa nayo asubuhi, na hilo nalo lilimuuma.

Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima ndani ya basi. Angeanza na watoto, kisha wazee, kisha visima, kisha ghala. Lakini Kamati haikumtaka aeleze. Waziri alisema muda umekwenda na kwamba utaratibu wa kisasa ni wa maswali mafupi.

"Wewe ni mkazi wa Mkauko?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mkazi halali, unayeishi huko pamoja na wananchi wenzako?"

"Ndiyo."

"Umeshiba?"

Hapo ndipo Leokadia alipoona jinsi walivyomzungushia ukuta, wakiwa wanatabasamu. Akisema hapana, ana maslahi binafsi, na ushahidi wake unafutwa, na tena atakuwa amemkana daktari. Akisema ndiyo, basi mkazi wa Mkauko ameshiba, na hakuna zaidi la kuulizwa. Alimtazama Pantaleo, na Pantaleo akatazama kalamu yake. Ukumbi mzima ulikuwa unamsubiri kwa urafiki.

Alijibu polepole, neno kwa neno, kama anayesoma kipimo kwa sauti.

"Mimi nimeshiba, Mheshimiwa. Mkauko watu wanakufa kwa njaa."

Neno lile lilitua mezani na hakuna aliyelisogelea. Mhudumu mmoja kijana alitoka mbio na sinia tupu. Musyu Desideri, kwa mara ya kwanza siku ile, alisema kitu kwa sauti ya nyumbani kwao, na kilikuwa jina la mama yake. Wajumbe walitazama vitambaa vyao vya mapajani.

Waziri akacheka kidogo, kicheko cha baba. Alimshukuru shahidi kwa sehemu ya kwanza ya jibu lake, ambayo alisema ni ya wazi na ya kijasiri. Sehemu ya pili ilikuwa na neno ambalo haliko tena katika lugha ya taifa, kwa hiyo Katibu hangeweza kuliandika hata kama angetaka, na sentensi iliyotolewa neno moja haina maana, kwa hiyo nayo isiandikwe. Ama kosa la kulitamka hadharani, alisema, sheria inataka kifungo. Lakini yeye angemsamehe.

"Umekula nasi," alisema. "Mtu aliyekula nasi ni wa kwetu."

Msamaha huo ulimuuma Leokadia kuliko kifungo. Alibaki amesimama wakati wajumbe wanainuka, wakimpa mkono mmoja mmoja, mikono laini yenye harufu ya siagi, na yeye, kwa kuwa alilelewa vizuri, aliipokea yote.

*

Habari zilimtangulia. Alipofika Mkauko, redio ilikuwa imekwisha kusema mara kadhaa kwamba Mkauko imeshiba, kwa ushahidi wa mkazi wake mwenyewe. Gazeti lilikuja na basi lile lile alilosafiri nalo. Ukurasa wa mbele alikuwapo yeye, mkate mkononi, macho yamelegea, akiifuta sahani.

Juma hilo hilo wilaya iliingizwa katika orodha ya wilaya zenye shibe ya mfano. Mkuu wa Wilaya alipandishwa cheo. Na kwa kuwa haipendezi wilaya ya mfano kuonekana inapokea msaada, shirika la kanisa likaombwa kwa heshima liondoe unga wake. Gari lilikuja likapakia magunia ya uji yaliyokuwa yamebaki, na kijana aliyeyapakia alimpa Leokadia pole bila kumtazama.

Watu hawakumtukana. Angependa wamtukane. Walimsalimia kama kawaida na kupita, na baraza likawa tupu, kwa kuwa hapakuwa na cha kulifuata tena. Siku moja tu alikuja mwanamke aitwaye Sikuzani, mkulima wa upande wa mabondeni, aliyekuwa ametoka kumzika mwanawe wa mwisho. Aliketi kwenye benchi, akavua kanga ya kichwani, akaikunja mapajani. Leokadia alimpa pole. Sikuzani akaitikia. Kisha akasema hakuja kwa ajili ya dawa.

"Nesi, nimeiona picha. Ulikula nini?"

Leokadia angeweza kudanganya. Angeweza kusema ni maigizo, picha tu. Lakini alimtazama mwanamke yule akaona kwamba ukweli ndio kitu pekee alichobaki nacho cha kumpa. Akamwambia yote, la povu, la konokono, la ini. Akamweleza bata alivyofungwa na mrija unavyoingizwa.

"Wanammiminia nini?"

"Mahindi."

"Ya wapi?"

Leokadia akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara.

Sikuzani alilitazama ghala kwa muda. Hakulia. Machozi alikuwa ameyamaliza.

"Lilikuwa tamu?" aliuliza.

"Lilikuwa tamu sana," alisema Leokadia.

Sikuzani akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa chenji kamili. Alijifunga kanga yake. Akasema basi sasa amejua lile lori linabeba nini.

*

Lori alilolisema lilikuwa la turubai, likitoka ghalani mara kwa mara kuelekea mji mkuu, na wananchi walikuwa wameambiwa kwamba linabeba saruji. Barabara ya Mkauko ilikuwa mbovu kupindukia, mashimo juu ya mashimo. Kesho yake lori lilipopita, Sikuzani alilifuata kwa miguu akiwa na kifagio na ungo. Kila lilipodumbukia shimoni lilitikisika, na kila lilipotikisika punje chache zilichuruzika kwenye nyufa za bodi. Alizifagia pamoja na vumbi, akapepeta, akapata kiasi cha kushika kiganjani.

Baada ya siku kadhaa walikuwa wanawake wengi. Walijigawia mashimo. Leokadia naye alikuwa na lake, karibu na daraja, na alichokipata alikipika zahanati kwenye sufuria ile ile ya uji, akawagawia watoto kwa kikombe kile kile kidogo. Hakikutosha. Lakini utepe ulianza kusoma njano kwa wawili, kisha kwa wengine wachache, na usiku Leokadia alianza kulala.

Taarifa ikafika juu. Iliripotiwa kwamba katika wilaya ya mfano wananchi wanaonekana barabarani wakiokota, na kwamba bata wanapelekewa pungufu. Kamati ikakutana kwa dharura, mahali pake pa kawaida, na kwa mara ya kwanza katika historia yake ikatoa uamuzi kabla ya vitamutamu. Serikali ilitenda haraka kuliko ilivyowahi kutenda. Zilikuja greda, zikaja mashine za kushindilia, wakaja wahandisi wenye kofia za njano, na kabla ya mwezi kwisha Mkauko, ambayo iliomba barabara tangu kabla ya uhuru, ikapata lami.

Mheshimiwa Waziri alikuja mwenyewe kuizindua. Alisimama chini ya turubai la kivuli, akataja vyeo, itifaki ikazingatiwa. Alisema barabara hii ni jibu kwa wale wanaodai kwamba serikali imeisahau Mkauko. Aliwaona wanawake wamejipanga ukingoni na vifagio vyao, kwa kuwa ilikuwa siku ya lori na hakuna aliyewaambia wasije, akadhani wamekuja kuifagia lami kwa ajili ya sherehe. Akawasifu kwa moyo wa kujitolea. Akamtambua Leokadia kati yao, akampungia mkono kama ndugu. Kisha akakata utepe wa sherehe, na lori likapewa heshima ya kupita la kwanza.

Lilipita taratibu, limejaa hadi juu, turubai limefungwa vizuri. Halikuruka wala halikutikisika. Sikuzani alilisindikiza kwa macho hadi lilipokata kona ya darajani, kisha akashuka barabarani na ungo wake, akainama, akaitazama lami mbele yake na nyuma yake. Ilikuwa nyeusi, laini, safi kabisa. Leokadia alishuka akasimama naye. Nyuma yao bendi ya shule ilianza wimbo wa taifa, nao, kwa kuwa ni kosa kutembea wakati wimbo unapigwa, wakasimama pale pale katikati ya barabara na vifagio vyao hadi ulipokwisha.